Towashi Hapati Kipara

Kerenge, wilayani Korogwe, kama ilivyo Handeni na popote penye mashine ya kunyolea na kioo ukutani, wa kwanza kuona kipara kinaanza si mwenye kichwa, ni kinyozi. Yeye ndiye anayeuona utosi ukianza kung'aa na pembe mbili za paji la uso zikirudi nyuma mwezi hadi mwezi, na akiwa mtu wa adabu hunyamaza. Mwenyewe atakuja kushtuliwa na picha ya harusi. Hapo ndipo maelezo yanapomiminika: ni mawazo, ni kofia, ni maji ya chumvi ya kisima, ni sabuni za siku hizi, ni pesa inakuja. Dawa nazo hazikosekani. Huyu atasema mafuta ya nyonyo, yule kitunguu kilichopondwa, mwingine mshubiri, na wa mwisho atauza chupa isiyo na jina.

Tusiwacheke. Walioanza kuhangaika na jambo hili ni wa zamani sana. Katika hati ya mafunjo ya Misri inayoitwa Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mna dawa ya kipara ya kuchanganya mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Mtu wa kandokando ya mto Pangani angeweza kupata sehemu kubwa ya mahitaji hayo bila kwenda mbali, mradi awe tayari kufa akiyatafuta. Nabii Elisha alizomewa na vijana kwa sababu ya kipara chake alipokuwa njiani kwenda Betheli, na kisa hicho kiliisha kwa dubu wawili. Julius Kaisari, kwa maelezo ya mwandishi wa Kirumi Suetonius, alizichana nywele zake chache kutoka nyuma kuja mbele, akafurahia kuliko heshima zote ruhusa ya kuvaa taji la majani, maana lilimsitiri.

Jambo la ajabu ni kwamba ufunguo wa fumbo hili ulikuwa umeshaokotwa enzi hizohizo, ukawekwa kando. Katika maandishi ya Kiyunani yanayobeba jina la Hippocrates, karne ya tano na ya nne kabla ya Kristo, imo sentensi fupi isemayo kwamba matowashi, yaani wanaume waliohasiwa, hawapati kipara. Aristotle naye aliligusia hilo, akaongeza kwamba wanawake na wavulana ambao hawajabalehe hawapati kipara pia. Mtu akiyaweka maneno hayo pamoja, anaona yanakoelekeza kidole: si kwenye kofia wala sabuni, ni kwenye kitu ambacho mwanaume aliyekomaa anacho na towashi hana.

Wazee hao walikosa njia ya kwenda mbele zaidi. Aristotle aliunganisha kipara na tamaa ya mwili na upungufu wa joto kichwani, na waliomfuata wakaendelea kuzungukazunguka hapo. Matowashi wenyewe hawakuadimika duniani. Walilinda majumba ya wafalme kutoka China hadi Istanbul, na hata Unguja ya karne ya 19 walikuwepo katika nyumba za Sultani. Salme binti Said aliwataja katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Vichwa vyao vilionekana kila siku, ila hakuna aliyejiuliza.

Karne ya 20 ilipoingia, nadharia iliyotamba ilikuwa ya damu. Ilisemwa kwamba ngozi ya utosi ikikaza, damu haifiki, na unywele unakufa kwa njaa. Hapo zikauzwa brashi za kusugulia na mafuta ya kuwasha. Mwaka 1936 kampuni ya Crosley ya Marekani, iliyojulikana zaidi kwa redio, ilileta sokoni kofia ya chuma iliyounganishwa na pampu ya kufyonza hewa ili kuivuta damu ije juu. Iliitwa Xervac. Watu walikaa chini yake sebuleni wakisoma gazeti. Nywele hazikuota.

Jibu lilitoka kwa mwanaanatomia wa Marekani, James B. Hamilton. Mwaka 1942 alichapisha utafiti juu ya wanaume ambao korodani zao ziliondolewa au hazikuwahi kufanya kazi. Waliohasiwa kabla ya kubalehe walibaki na nywele zao hadi uzeeni, hata waliotoka katika koo zenye vipara baba hadi babu. Kisha Hamilton akafanya jambo ambalo Hippocrates hangeweza: aliwapa baadhi yao testosteroni, homoni ya kiume ambayo wanakemia walikuwa wameifahamu tangu mwaka 1935. Wale wenye vipara katika ukoo wao wakaanza kupoteza nywele. Wale ambao ukoo wao haukuwa na vipara walipewa homoni ileile wakabaki na nywele zao. Alipoisimamisha, kipara kilisimama palepale kilipofika, ila nywele zilizokwenda hazikurudi.

Ndani ya jaribio hilo mna mambo mawili ambayo mpaka leo watu hupenda kuyatenganisha. Kipara cha kawaida cha mwanaume kinahitaji homoni, na kinahitaji urithi. Kimoja peke yake hakitoshi. Kwa hiyo yule anayejitapa kijiweni kwamba kipara chake ni ushahidi wa nguvu nyingi za kiume anasema nusu ya kweli, na nusu hiyo haimsaidii: mwenye kipara na mwenye nywele tele hupimwa wakakutwa na testosteroni sawasawa. Tofauti iko katika vinyweleo vilivyorithiwa, namna vinavyoipokea. Wala si urithi wa upande wa mama tu kama inavyosemwa. Moja ya jeni zenye nguvu zaidi katika jambo hili iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanaume huipata kwa mama yake, lakini nyingine nyingi zimetawanyika na huja kutoka pande zote mbili.

Miaka 10 baada ya Hamilton, daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, alithibitisha upande wa vinyweleo kwa mkono wake. Mwaka 1952 alikata vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kisogoni, akavipandikiza utosini penye kipara. Kama tatizo lingekuwa damu kutofika utosini, nywele hizo zingekufa kama zilizotangulia. Zilistawi. Unywele wa kisogoni ukihamishiwa utosini huendelea kuishi kama wa kisogoni, na hicho ndicho kilichoizika ile pampu ya Crosley. Japani daktari Shoji Okuda alikuwa ameshapandikiza nywele na kuandika habari zake mwaka 1939, kwa watu wenye makovu ya moto, lakini Vita vya Pili vya Dunia viliifunika kazi yake kwa miaka mingi. Mamia ya maelfu ya wanaume wanaopanda ndege leo kwenda Istanbul wanafuata njia ya watu hao wawili.

Bado swali moja lilibaki. Testosteroni hujenga msuli na kuotesha ndevu. Je, ni yenyewe hasa inayoua nywele utosini? Jibu lilitoka kijiji cha Salinas, katika Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Karibi. Huko kulikuwa na koo ambazo baadhi ya watoto wao walizaliwa wakionekana wasichana, wakalelewa hivyo, kisha walipofika umri wa kubalehe miili yao ikageuka ya kiume. Daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliwachunguza na kutoa matokeo katika jarida la Science mwaka 1974. Watu hao walikuwa na testosteroni ya kutosha. Walichokosa ni kimeng'enya kinachoibadilisha testosteroni kuwa homoni nyingine kali zaidi, dihidrotestosteroni. Walipokua wakawa wanaume wenye misuli, lakini wenye ndevu chache, tezi dume ndogo sana, na hakuna aliyeota kipara.

Hapo picha ikakamilika. Unywele wa kichwani huishi kwa zamu: hukua miaka miwili hadi sita, hupumzika kama miezi mitatu, hung'oka, na kinyweleo kikaanza upya. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Katika kichwa kilichorithi kipara, dihidrotestosteroni hukifinya kinyweleo kila zamu inapoanza. Zamu ya kukua hufupika, unywele hutoka mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka hatimaye unabaki unyoya usioonekana. Kwa hiyo, kwa muda mrefu mwenye kipara anakuwa hajapoteza vinyweleo vyake: anavyo, ila vimesinyaa. Dawa ikiwahi huvikuta hai, na ikichelewa huvikuta vimekwisha.

Kampuni ya dawa ya Merck iliusoma utafiti wa Salinas, lakini kilichoivutia ni ile tezi dume ndogo, si nywele. Kuvimba kwa tezi dume ni mateso ya wazee wengi, na hapa palikuwa na watu ambao yao haikuvimba. Merck wakatengeneza dawa ya kukizuia kile kimeng'enya, finasteraidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume, miligramu 5 kwa siku. Desemba 1997 ikaidhinishwa kwa kipara, miligramu 1. (Tezi dume inatuhusu kwa njia nyingine. Mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya juu ya Usambara na milima mingine ya Afrika, umekuwa ukichunwa magome kwa ajili ya dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya tangu miaka ya mwisho ya 1960, kiasi kwamba mwaka 1995 biashara yake iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Wapo wanaoyachemsha magome hayo wakitaka nywele. Kwa nywele hayana ushahidi.)

Dawa ya pili ina asili ya kuchekesha zaidi. Kampuni ya Upjohn ilikuwa ikitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, ikakuta dawa isiyotibu vidonda bali inayotanua mishipa ya damu. Ikaitwa minoksidili, na mwaka 1979 ikaruhusiwa kwa wagonjwa wa shinikizo la damu lililoshindikana. Wagonjwa wakashuka shinikizo, wakaota na manyoya usoni, mikononi na mgongoni. Kwa mgonjwa wa kike hiyo ilikuwa aibu. Kwa madaktari Charles Chidsey, Guinter Kahn na Paul Grant ilikuwa habari njema. Ugomvi juu ya nani hasa aliyefikiria kwanza kuipaka kichwani uliendelea kwa miaka. Mwaka 1988 iliidhinishwa kama dawa ya kupaka, na tangu 1996 Wamarekani huinunua bila cheti cha daktari.

Kwa hiyo dawa mbili za kupaka na kumeza zilizo na ushahidi mpana kwa kipara zimezaliwa moja katika kutafuta dawa ya tumbo, nyingine ya tezi dume. Hakuna iliyotoka kwa watu waliokuwa wakitangaza dawa za nywele, na hilo msomaji alikumbuke anapouziwa chupa stendi ya Korogwe.

Tuseme na mipaka yake. Minoksidili hupakwa kila siku, na wiki za mwanzo inaweza kuangusha nywele zaidi kabla ya kuotesha. Ukiiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi michache. Finasteraidi huchukua miezi kadhaa kuonyesha kazi, na wanaume wachache wanaoitumia hupatwa na upungufu wa hamu au nguvu za ndoa; mwanamke mjamzito hatakiwi kukigusa kidonge kilichovunjika, kwa ajili ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Upandikizaji kwa nywele zetu za kipilipili unataka fundi anayezijua, kwa sababu mzizi wake umepinda chini ya ngozi na ukikatwa kwa kubahatisha huharibika, na ngozi nyeusi ina mwelekeo wa kuota makovu makubwa ya keloidi.

Mpaka hapa nimesimulia kipara cha urithi, ambacho si ugonjwa na hakijamuua mtu kwa chenyewe. Nasema kwa chenyewe, kwa sababu mwaka 2017 wilayani Milange, Msumbiji, jirani na Malawi, wanaume wenye vipara waliuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Ile kauli ya utani kwamba kipara ni pesa ilifika huko ikiwa na panga mkononi, miaka michache baada ya sisi Watanzania kushuhudia ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa uongo wa namna hiyohiyo.

Katika wilaya kama Korogwe na Handeni, hata hivyo, nywele zina njia nyingi nyingine za kuondoka, na hizo ndizo zinazostahili mguu wa kwenda hospitali. Njia ya kwanza ni homa. Mtu akiugua sana malaria au homa ya matumbo, mwili huzisimamisha nywele nyingi kwa pamoja, kisha miezi miwili au mitatu baadaye, mgonjwa akiwa ameshasahau kitanda, zinang'oka kwa mkupuo. Daktari Albert Kligman wa Marekani ndiye aliyeieleza hali hiyo vizuri mwaka 1961. Korogwe, ambako watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, hakuna haja ya kueleza homa ni kitu gani. Nywele za namna hii hurudi zenyewe, na ndizo zinazowapa sifa waganga wengi: mgonjwa hupaka chochote, nywele zikarudi, kikasifiwa kilichopakwa.

Sumu nayo huangusha nywele. Wafugaji waliopanda mlusina kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa wanajua usizidishwe. Mti huo, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati, una kemikali ya mimosini inayosimamisha ukuaji wa manyoya. Farasi akiula sana hupukutika nywele za singa na za mkia. Dawa nyingi za saratani hufanya kazi kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Miaka ya 1980 na 1990 nywele zilibeba hukumu. Virusi vya Ukimwi, kwa mgonjwa asiye na dawa, vinaweza kuzifanya nywele za kipilipili ziwe nyembamba, laini na zilizonyooka, na kuanzia Kagera, walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza nchini mwaka 1983, hadi Tanga, watu walijifunza kuvisoma vichwa vya wenzao kwa woga. Wapo walionyimwa salamu kwa sababu tu homa nyingine iliwapukutisha.

Kisha yapo mapunye. Ni ukungu wa kichwa cha mtoto, hasa wa kiume, na kabla ya dawa ulitibiwa kikatili. Kuanzia mwaka 1904 daktari Raymond Sabouraud wa Paris aling'oa nywele za watoto kwa miale ya eksirei, na njia hiyo ilienea duniani hadi miaka ya 1950. Utafiti uliofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 1974 ulionyesha waliotibiwa hivyo walipata uvimbe wa ubongo zaidi kuliko wenzao. Griseofulvini, iliyogunduliwa London mwaka 1939, ikaja kuthibitika kutibu mapunye kwa vidonge mwaka 1958, na mateso hayo yakaisha. Kuna somo la nyumbani hapa: mapunye ya kichwani hayatibiki kwa kupaka peke yake, na yakiachwa yakavimba na kutoa usaha, huacha kovu. Baadhi ya mabaka ya upara unayoyaona kwenye vichwa vya watu wazima ni makovu ya mapunye ya utotoni ambayo hayakupewa vidonge.

Na sasa tumrudie kinyozi. Ugonjwa mmoja wa nywele unaowapata zaidi wanaume weusi ni vinundu vya kisogoni. Ulielezwa Vienna mwaka 1869 na Moritz Kaposi. Huanza kama vipele juu ya shingo baada ya kunyoa, mtu akadhani ni mashine chafu, akanyoa tena kwa karibu zaidi ili pawe safi. Nywele iliyokatwa chini sana hujichoma ngozini, ngozi inavimba, vipele vinashikana kuwa kinundu kigumu, na juu yake nywele hazioti tena. Mashine chafu ina madhara yake, lakini hapa kosa kubwa ni kunyoa hadi ngozini. Mapema hutibiwa kwa kuacha kunyoa karibu, kwa dawa ya kupaka na viuavijasumu. Kikishakuwa kikubwa ni upasuaji.

Wa kuyatambua magonjwa hayo walikuwa haba, na hata baada ya Uhuru madaktari wa ngozi walibaki wa kuhesabika. Mwaka 1992 kilianzishwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda katika hospitali ya KCMC, Moshi, chini ya Profesa Henning Grossmann. Wazo lake lilikuwa la busara kwa nchi kama zetu: badala ya kungoja mabingwa wachache, wafundishwe kwa miaka miwili matabibu wa kawaida kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kisha warudi hospitali za wilaya. Wengi wa wanaotambua vinundu vya kisogoni na mapunye mikoani leo wamepita hapo au wamefundishwa na waliopita.

Kwa mwanaume wa Kerenge anayejitazama kioo, basi, hesabu ni hii. Nywele zikirudi nyuma pole pole pembeni na utosini, bila kuwasha, bila maumivu, na ngozi ikiwa laini, ni urithi. Achague kunyoa zote, ambayo ni tiba ya bei nafuu mradi asinyoe hadi ngozini, au aanze dawa mapema akijua ataitumia kwa miaka. Zikitoka kwa mabaka ya mviringo, zikiambatana na magamba, usaha, kovu au vinundu, au zikipukutika ghafla, aende hospitali ya Magunga mjini Korogwe au iliyo karibu naye kabla ya kununua chochote. Na mzee anayemeza finasteraidi, iwe kwa nywele au kwa tezi dume, amwambie daktari kabla ya kupimwa damu kwa saratani ya tezi dume, kwa sababu dawa hiyo hukishusha kipimo cha PSA kwa karibu nusu, na jibu zuri linaweza kuwa la uongo.